Mjane wa William Tench

Mama Ciru wa kanisani kwetu alinipigia simu asubuhi, nikiwa bado na mswaki mdomoni, kuniambia kwamba Shangazi Ndeshi amefariki. Kabla sijajua kama nina huzuni, akanipa kazi. "Si wewe ndiye mwandishi? Tuandikie wasifu wake, ukurasa mmoja, uchapishwe kwenye karatasi ya ibada. Na Aika, tafadhali, wasifu tu. Usituletee vitabu vyako." Nilikuwa sijazungumza na shangazi yangu kwa miaka kumi na mmoja. Alinifukuza nyumbani kwake nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nami nilishuka ngazi zake nikiamini kwamba nimeshinda. Sasa nikaketi mezani, na mwanzoni maneno yakaja bila shida: jina, mahali alipozaliwa, miaka aliyofanya kazi ya kutunza wazee, sauti yake ya pili kwenye kwaya. Kisha nikafika pale ambapo mwanamke huandikwa alikuwa nani kwa mwanamume gani. Mke wa Barnaba, au mjane wa Barnaba. Hapo mkono ukagoma, na mwaka wote ule ukarudi na harufu yake ya vitunguu vinavyokaangwa na vumbi la moto la redieta, chuma cha kupashia nyumba joto.

Tuliishi Mount Dennis, Toronto, ghorofa ya nne, juu ya barabara iliyokuwa ikichimbwa tangu kabla sijafika na ambayo ilikuwa bado inachimbwa nilipoondoka. Chumba changu kilikuwa kona ya sebule iliyokatwa kwa pazia. Shangazi alikuwa na namna ya kunipa chakula kana kwamba anakusanya ushahidi: "Kula. Usije ukaandika huko kwamba nilikunyima." Jumapili alipika mtori wa ndizi, mzito, wenye nyama iliyolainika hadi ikaachana na mfupa, na ulikuwa mtamu kiasi kwamba nilimchukia zaidi kwa ajili hiyo. Nikioga aligonga mlango. "Aika! Ziwa zima la Ontario ni lako?" Nikikaa kimya nikiandika, alipita mara tatu mbele ya pazia akitafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea. Nami sikuwa malaika. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi na kuosha vyombo vichache. Nilimwangalia mwanamke aliyerudi kutoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo akiwa amewageuza vitandani watu wazima wazito, nikaandika kwenye daftari langu kwamba ana miguu kama magunia.

Ukutani, juu ya televisheni, alikaa mumewe. Anko Barnaba alivaa suti ya kijivu na tabasamu la mpiga picha, na kwenye pembe ya fremu Shangazi alikuwa amebana utepe mweusi kwa pini. Sikuwahi kumwona mtu huyo, wala kuambiwa alikufa kwa nini. Nilijua tu kwamba kifo chake kilikuwa na faida. Kanisani kwetu, ambako Watanzania, Wakenya na Wakongo waligawana saa mbili za ukumbi wa kukodi, wajane walikuwa na benchi lao, la pili kutoka mbele, na kitenge chao cha zambarau. Kwenye sherehe walipakuliwa kwanza. Vijana waliwabebea mifuko ya sokoni hadi mlangoni. Hakuna mwanamume aliyewauliza wanaishi na nani, na hakuna mke wa mtu aliyewatazama kwa jicho baya. Shangazi alikuwa mwenyekiti wao, na kitenge kile alikivaa kama afisa avaavyo nyota zake.

Mwaka huohuo nilipata kazi kwa Mzee Nurali. Binti yake alikuwa amebandika tangazo maktabani: anatafutwa kijana wa kumsaidia mzee kwenye kompyuta, na akijua Kiswahili itakuwa bora zaidi. Mzee alikuwa Mwismailia wa Mwanza, mfamasia mstaafu, akiishi peke yake Markham katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko maneno mazuri aliyokuwa nayo. Nilisafiri kwa mabasi matatu kumfikia. Siku ya kwanza nilichelewa.

"Basi limechelewa, mzee."

"Sikuliajiri basi. Nimekuajiri wewe. Kaa."

Meza yake ya chakula ilijaa karatasi. Alikunywa chai ya maziwa yenye iliki akiimimina kwenye kisosi, na mimi alinipa kikombe kisicho na kisosi. Mkewe, Edith, mzaliwa wa Toronto, alikuwa amekufa miaka miwili kabla. Kitandani hospitalini alimwomba jambo moja. Kwao ilisimuliwa kwamba babu wa mama yake, William Tench, fundi wa hatamu na matandiko ya farasi, alikufa kijana akiwaokoa watoto wa jirani kwenye moto, na mkewe Hannah akawalea watoto wanne kwa kufua nguo za watu. Kaburi la Hannah lilijulikana, halikuwa na jiwe. La William halikujulikana. Edith alitaka majina yao yawekwe pamoja kwenye jiwe moja, na mwaka ambao William alikufa. "Nilimwahidi," alisema Mzee Nurali. "Sasa wewe utanitafutia mwaka huo. Na usinipakie mafuta ya chipsi kwenye karatasi."

Tulimtafuta kwenye vitabu vya wakazi. Enzi za Malkia Victoria, kila mwaka, wachapishaji waliwatuma watu kupita nyumba kwa nyumba mjini wakiwa na kalamu na daftari, wakigonga na kuuliza: nani mwenye nyumba hii, anafanya kazi gani? Majibu yakachapwa katika kitabu kinene, kilichojaa matangazo ya majiko, majeneza na meno ya bandia. Sehemu moja ya kitabu inafuata mitaa, nyumba baada ya nyumba, hadi unasikia kama unatembea: mwashi, mshona viatu, nyumba tupu, muuza makaa, kona. Sehemu nyingine inafuata majina, kwa alfabeti. Kurasa zote zilikuwa zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na mimi, niliyedhani nimekuja kutafuta riziki tu, nikaanza kuamka nikiwafikiria wauza makaa. Lakini nikaona kitu kingine pia. Mke hakuwemo. Mume akiwa nyumbani, mke hana mstari, hata kama ndiye aliyefungua mlango na kujibu maswali yote. Mwanamke aliingia kitabuni kwa njia chache: awe na duka lake, awe na kazi yake, au mumewe afe.

Hannah aliingia kwa njia hiyo. Mwaka mmoja William yumo: nyumba kwenye uchochoro nyuma ya soko, duka la hatamu mitaa miwili magharibi. Kitabu cha mwaka uliofuata, nyumba ileile: Tench Hannah, mjane wa William. Nilimsomea Mzee Nurali mstari huo, na kwa mara ya kwanza akasukuma sahani ya chevda, vitafunio vyake vya pilipili, upande wangu. "Basi alikufa katikati hapo," alisema. "Edith alikuwa sahihi." Akampigia mchonga mawe siku ileile. Tulikosea kama wanavyokosea wote wanaotafuta ndugu zao kwa mapenzi: tulipoupata mstari tuliouhitaji, tuliacha kusoma.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nikipita mitaa kwa raha yangu tu, katika kitabu cha miaka sita mbele, nikaliona duka la hatamu. Lilikuwa bado linaitwa la W. Tench. Nikafikiri ni mwanawe, lakini mkubwa wa wanawe wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Nikafikiri mnunuzi aliliacha jina. Nikarudi kwenye kile kitabu cha kwanza cha ujane, ukurasa uleule wa majina, na nikasoma mstari unaofuata, ule ambao macho yetu hayakuufikia. Tench Hannah, mjane wa William. Chini yake, kwa herufi zilezile: Tench William, fundi wa hatamu, anaishi juu ya duka. Alikuwa hajafa. Alikuwa umbali wa mitaa miwili, na alikaa huko miaka tisa, kitabu baada ya kitabu, huku mkewe akiwa mjane wake kitabu baada ya kitabu.

Ningeweza kumwambia taratibu. Nilimwambia kama mtu anayemwaga ndoo.

"Ni William mwingine," alisema Mzee Nurali.

"Duka lilelile, mzee. Namba ileile."

"Kosa la mchapaji."

"Miaka tisa mfululizo?"

Aliweka kisosi chini. Akaanza kuzikusanya karatasi zake, nami niliona, na sikuacha. Nilisema Hannah alidanganya. Nilisema moto ule haukuwako, wala watoto wa jirani, kwamba mwanamume alihama tu, na mwanamke akaona aibu. Uso wake ulisawijika.

"Edith alimlilia mtu yule," alisema. "Akiwa mtoto, alimlilia. Wewe umekuja na mabasi yako matatu kunifukulia makaburi. Toka. Toka, binti, kabla sijausahau umri wako."

Nilitoka nikiwa na furaha. Lazima niseme hivyo. Kwenye basi nilikaa wima kama mtu aliyevishwa nishani. Nilikuwa na ukweli mfukoni, na nilikuwa natafuta mtu mwingine wa kumpiga nao.

Kila Jumanne mchana, akiwa hana zamu, Shangazi alifunga mlango wa jikoni na kupiga simu. Pazia langu lilikuwa hatua nne kutoka mlango huo. Siku zote nilidhani ni mmoja wa wazee wake wa kazini. "Umemeza dawa ya asubuhi? Usiniambie kesho. Miguu ikoje? Imevimba hadi wapi, kifundoni au juu? Nyanyua, weka mto. Hapana. Hapana, siji huko Malvern, na usiniulize tena." Maneno hayo niliyasikia nusu mwaka bila kuyasikiliza. Jumanne iliyofuata, baada ya Hannah, niliyasikiliza. Kazini kwake hakuna mtu aliyeishi Malvern, upande wa pili kabisa wa mji. Na mzee wa kazini humwambii kwa sauti ile, sauti ya mtu aliyechoka kugombana na mtu mmoja tangu ujana wake. Niliinua macho kwenye picha ya ukutani. Utepe, pini, tabasamu. Nikafungua daftari, nikaandika mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, kama kwenye kitabu cha wakazi: Ndeshi, mjane wa Barnaba; Barnaba, anaishi Malvern.

Huenda nisingeutumia ukweli huo. Najiambia hivyo. Lakini Jumamosi ile kikundi cha wajane kilikula kwetu, wanawake wanane na zambarau yao, pilau na kachumbari mezani, magoti yao yakigusana kwenye makochi. Mimi nilipita na sinia. Shangazi alikuwa katika siku yake nzuri, na alipokuwa katika siku nzuri alihitaji mtu wa kumcheka.

"Mnajua nafuga mwandishi?" alisema. "Ngojeni." Akaingia nyuma ya pazia langu, akatoka na daftari, akavaa miwani. "Sikilizeni Kiswahili hiki. 'Mwanamke yule alikuwa na miguu kama magunia mawili yaliyosahauliwa stesheni.'" Akainua gauni hadi magotini. "Jamani, stesheni gani hiyo? Treni imeniacha!"

Walicheka hadi Mama Ciru, Mkenya mwenye kifua cha kwaya, akapaliwa na wali. "Wee Aika, si hata ungesema viazi!" Na mimi nikiwa nimeshika sinia, masikio yakiwaka, nikaona kwamba alikuwa ameisoma sentensi ile ya miguu yake mapema, peke yake, pengine mara nyingi, na alikuwa ameamua kuifanyia mzaha kabla haijamuumiza mbele ya watu. Niliona hilo. Na bado nilifungua mdomo.

"Shangazi, kaburi la Anko Barnaba liko wapi?"

"Liko kwao," alisema, bado anacheka.

"Na aliyevimba miguu Malvern ni nani?"

Mama Ciru aliweka kijiko chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kilikuwa cha kioo. Niliwatazama wanawake wale mmoja mmoja, nikiwangojea wamgeukie Shangazi. Hakuna aliyemtazama. Walitazama sahani zao. Nilidhani ni mshtuko. Shangazi alivua miwani, akalifunga daftari, akalirudisha nyuma ya pazia mahali pake hasa. "Leteni sahani," aliwaambia. "Pilau inapoa." Walipoondoka alisimama mlangoni pa jikoni.

"Nilikupokea uwanja wa ndege," alisema. "Nilikuvalisha koti langu, mimi nikatembea na sweta. Kesho usiku usiwe hapa."

"Kwa sababu nimesema kweli?"

"Kwa sababu hukuulizwa."

Jumapili alimkabidhi Mama Ciru daftari la kikundi. Hakukaa tena kwenye benchi la pili, na kitenge cha zambarau, niliambiwa, alikikata akakitumia kupangusia meza. Nilipoambiwa hivyo sikujuta. Niliona kwamba haki imetendeka. Nilikuwa na umri ambao haki na raha hazitofautiani.

Nilijikuta Markham na sanduku langu, mlangoni pa mtu wa pili aliyenifukuza, kwa sababu sikuwa na mlango wa tatu. Mzee Nurali alilitazama sanduku. "Chumba cha chini kina baridi," alisema, akapisha. Tuliishi siku kumi na nane bila kupendana. Siku moja akanionyesha karatasi ya mchonga mawe. Ilikuwa na mstari mmoja tu, bila mwaka: Hannah, mjane wa William Tench.

"Lakini unajua si kweli," nilisema.

"Nilikuwa na duka la dawa Mwanza. Mwanamke anakuja, mtoto mgongoni, namuuliza mume wako yuko wapi, anasema amekufa. Naandika amekufa. Nikamchimbue?" Alimimina chai kwenye kisosi. Safari hii hata mimi nilikuwa nacho. "Mtu amegonga mlango wa Hannah na kalamu. Watoto wanne nyuma yake. Anamuuliza mbele ya majirani, nani mwenye nyumba? Ana muda kiasi gani wa kujibu? Wewe ulikuwepo pale mlangoni?"

"Sikuwepo."

"Basi nyamaza unywe chai."

Nilikunywa, lakini moyoni nikamwita mwoga. Niliondoka kwake nikaandika riwaya yangu ya kwanza, na ndani yake nikaweka mwanamke mwenye picha ya uongo ukutani. Wasomaji waliniambia wamemchukia. Nilifurahi.

Kwa hiyo mwezi uliopita, mkono wangu ulipogoma juu ya neno moja, nilimpigia Mama Ciru. Nilimwambia siwezi kuandika mjane, kwa kuwa mimi na yeye tunajua. Alicheka kicheko kisichokuwa na urafiki.

"Aika, kwani unafikiri hatukujua? Barnaba alihamia kwa mwanamke mwingine hata hawajamaliza mwaka wa pili hapa. Huyo mwanamke alipomchoka, ni Ndeshi aliyekuwa anamkumbusha dawa. Sisi wote tulijua."

"Sasa mbona mlikaa kimya vile siku ile?"

"Sababu ya woga, mama! Wangu yuko Nakuru mpaka leo, anakula nyama choma. Wa Mama Furaha yuko Lubumbashi na watoto sita. Kwa wale wanane, waliozika ni watatu. Mwanamke akija kwetu akisema ni mjane, tunampa kitenge, hatuulizi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na ni Ndeshi aliyeiweka. Wewe ukauliza. Kila mmoja akashika sahani yake akingoja zamu yake. Ndeshi alitoka ili wewe na watu wa kanisa mmalizane na yeye, msifike kwetu."

Akakata simu. Sitaki kusema kwamba hapo nilimpenda shangazi yangu. Sikumpenda. Bado nasikia kile kidole kikigonga mlango wa bafu, na bado nadhani alifurahia kuwa juu yangu. Lakini nilirudi mezani, nikaandika: mjane wa Barnaba. Mwaka sikuweka.

Ibada ilikuwa palepale, ukumbi uleule wa kukodi. Jeneza lilifunikwa kitenge cha zambarau, kipya. Nilikuwa mlangoni nikigawa karatasi aliposhuka kutoka kwenye teksi mwanamume mzee, akisukuma kigari cha kutembelea, viatu vyake vimefunguliwa kamba ili miguu iingie. Suti haikuwa ya kijivu tena, ila tabasamu lilikuwa lile la ukutani, limeshuka upande mmoja. Nilimpa karatasi kama nilivyowapa wengine. Alisoma yote, amesimama kwenye upepo, kidole kikifuata mistari. Kikasimama.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo, Anko."

"Nilikufa lini?"

Nilimtazama kuona kama ni mzaha. Hakuwa anatania. "Hakutuambia," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Kisha akageuza kigari kuelekea mbele, kwenye kiti kilicho kando ya jeneza, mahali anapokaa mume. Benchi la pili likageuka. Mama Ciru akainuka nusu. Nilimshika kiwiko, nikamgeuza, nikamsindikiza hadi benchi la mwisho, wanakokaa wageni, nikamnyanyulia miguu nikaiweka juu ya mto wa kupigia magoti. Kisha nikaenda mbele, wajane wakasogea, nikakaa.